Waliokuwa Chini ya Ndege

Watu wa nchi yetu ya majani chai, tangu miinuko ya Kericho hadi mabonde ya Bomet yanayoteremka kuelekea Siongiroi, waliijua ndege kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho, maana katika nchi yenye mawingu mengi ngurumo hutangulia na umbo hufuata, na aghalabu umbo lenyewe halionekani kabisa. Naanza na jambo hili kwa sababu nimewasikia wasomi wengi wakizungumza habari za turathi za ndege za vita kana kwamba ni mali ya marubani na mafundi wao peke yao, yaani ya wale waliokaa juu; ilhali chini ya kila rubani mmoja palikuwa na halaiki ya watu wenye hisa yao katika historia ile: waliolishwa na ndege, waliofyeka viwanja vyake, waliotoa ng'ombe kwa ajili ya vita, na waliotupiwa mabomu. Mimi ni mtoto wa mmoja wa hao wa chini. Katika uzee wangu nimejaliwa kuhudhuria maonyesho makubwa ya ndege katika mji mkuu wa nchi yetu, nikayaona yaliyonifurahisha na yaliyonishughulisha moyo, na tangu siku ile nimeona ni wajibu wangu kuyaandika.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Siongiroi, naye baada ya Vita Kuu vya Pili alipata kazi ya unyapara katika shamba moja la chai upande wa Kericho, tukawa sisi watoto wake tunaishi baina ya nchi mbili: siku za shule tulikaa katika nyumba za laini pamoja na wachunaji waliotoka kila pembe ya Nyanza na Bonde la Ufa, na siku za likizo tulirudi nyumbani kuchunga ng'ombe na kunywa maziwa ya mursik aliyoyaweka mama katika vibuyu. Huko Kericho ndiko nilikoiona ndege ikifanya kazi, wala si kazi ya kubeba abiria.

Kericho ni miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno duniani. Asubuhi jua huwaka, unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda na upepo hadi miinukoni, adhuhuri mawingu hurundikana, na alasiri mawe hunyesha juu ya chai kwa muda mfupi tu, yakaacha machipukizi yaliyokuwa tayari kuchunwa yamesagika na majani makubwa yametobolewa. Mchunaji hulipwa kwa kilo. Siku ya mawe na siku kadhaa zinazofuata hana kilo za kupima. Basi katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za chai, baada ya kujaribu kuyapiga mawingu kwa makombora yaliyorushwa kutoka ardhini, zilikodi ndege ndogo zilizopanda kuyakabili, zikifukiza chini ya tumbo la wingu moshi wa iodidi ya fedha, ili maji yaliyomo yagande kuwa chembe nyingi ndogo badala ya mawe machache makubwa, na chembe hizo ziyeyuke kabla ya kufika chini. Sisi watoto tulikimbia kwenye uwazi wa barabara ya shamba ili tuione ndege ikiingia chini ya giza lile ambalo kila kiumbe mwingine alikuwa akilikimbia, na wachunaji walisimama kiunoni mwa chai, vikapu mgongoni, wakiomba Mungu ifaulu.

Baba hakukimbia wala hakupiga kelele. Alivua kofia yake ya unyapara, akaishika kifuani, akatazama juu mpaka mlio upotee, kisha akairudisha kichwani na kuendelea na kazi. Nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuuliza, nilimwuliza kwa nini aivulie kofia ndege ya kampuni. Akanijibu: "Mwanangu, mimi nilikula kutoka katika tumbo la ndege mvua nzima. Anayekulisha humwamkii kofia ikiwa kichwani."

Baba alikuwa askari wa Keya, kama watu wetu walivyozoea kuwaita askari wa King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kifaru. Divisheni hiyo iliundwa mwaka 1943 kwa vikosi vya Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ikapelekwa Ceylon kujizoeza, na mwezi wa Agosti 1944 ikaanza kuteremka bonde la Kabaw, mpakani mwa Uhindi na Burma, ikiwafukuza Wajapani katikati ya masika yao ya pepo za kusi, wakati ambapo majenerali wengi wa zamani wangeliwaweka askari wao kambini. Barabara ziligeuka tope la kufikia magoti. Magari yalizama, nyumbu walizama, na malaria na homa ya vichakani zikawaangusha watu ambao risasi haikuwagusa. Kwa hiyo jeshi zima, watu kwa maelfu, lililazimika kula kutoka hewani. Ndege za Dakota zilizunguka chini chini baina ya vilima vilivyofunikwa na ukungu, zikitafuta vitambaa vyeupe vilivyotandazwa ardhini na askari na moshi uliofukizwa kuwaonyesha mahali, na zikiisha kuona, watu waliosimama mlangoni mwa ndege walisukuma mizigo nje kwa miguu yao.

Risasi, dawa na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miavuli. Hariri ilikuwa adimu, basi Jenerali William Slim, aliyekuwa akiliongoza Jeshi la 14, aliagiza miavuli ishonwe kwa juti huko Calcutta, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mwavuli wa hariri. Mchele na chakula cha nyumbu havikupewa hata juti. Viliviringishwa katika magunia mawili au matatu, moja ndani ya jingine, vikaachiliwa hivi hivi. Baba alitusimulia kwamba sauti ya gunia la mchele likija kutoka juu ni sauti ambayo mtu haisahau, na kwamba mwenzao mmoja, aliyekuwa amepona katika mapigano kadha wa kadha, aliuawa na gunia la namna hiyo kwa sababu njaa ilimtoa mahali pa kujificha kabla ya ndege kumaliza kazi. Wakamzika, wakala mchele ule. Jambo hili baba alilisimulia bila kupandisha wala kushusha sauti, na sisi hatukujua tuseme nini.

Kalewa, kando ya mto Chindwin, ilitwaliwa tarehe 2 Desemba 1944, na daraja la chuma la kuelea likatandazwa mtoni, refu kuliko daraja lolote la namna hiyo lililopata kujengwa hadi siku ile. Baba alivuka. Alirudi Siongiroi na nishani ya Nyota ya Burma, cheti cha kuachishwa jeshi, na kamba moja nyembamba ya mwavuli iliyosukwa vizuri sana, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kumfungia ndama pembeni mama yake anapokamuliwa. Nimeishika kamba hiyo mara nyingi asubuhi ya baridi, ina harufu ya maziwa na kinyesi, na fundo alilolifunga baba mwisho wake halikupata kufunguka. Nishani ilipotea. Kamba tunayo.

Alirudi na kitu kingine vilevile, nacho ni kusoma. Jeshini alifundishwa Kiswahili cha kuandika, na kule Burma askari wa Afrika Mashariki walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, jina lake Heshima, lililowapa habari za nyumbani na za vita. Baba aliyeondoka Siongiroi hajui herufi alirudi akiweza kusoma barua za jirani zake wote, na ni yeye aliyetangulia kunifundisha alifu na be kabla sijapelekwa shuleni.

Tarehe 28 Mei 2022 Jeshi la Ulinzi la Kenya, hususan Jeshi la Wanahewa, lilifanya maonyesho ya ndege katika bustani za Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Wilson, na raia wakaalikwa. Mjukuu wangu anayesomea uhandisi Nairobi alinipigia simu akasema, "Babu, wewe na hadithi zako za Dakota huwezi kukosa hii," nami nikapanda gari la usiku. Umati uliofika siku ile ulikuwa mkubwa sana; kina mama wenye watoto mgongoni, vijana, wazee wenye bakora, wote wakiielekea bustani kwa miguu. Nasema kwa moyo safi kwamba nilifurahi. Niliona watoto ambao hawajawahi kupanda hata ngazi ya ghorofa wakiinuliwa juu na baba zao ili waione ndege inavyogeuka angani. Nikaona helikopta zikisimama hewani pasipo kwenda mbele wala nyuma. Na ndege za kivita za F-5 zilipopita, mlio ukiwa nyuma yake na sisi tumekwisha kugeuza shingo, mjukuu wangu alinishika mkono kwa nguvu akaanza kunieleza namna injini yake inavyovuta hewa, kuibana, kuiwasha na kuitema, kwa maneno mepesi kiasi kwamba hata mimi niliyaelewa. Nchi inayowapa watoto wake siku kama ile imewapa elimu, hata kama wao wanaiita starehe.

Mahali penyewe pana historia nzito. Hapo ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya hapo, siku za Hali ya Hatari, sehemu zile za Lang'ata zilikuwa na kambi ambamo maelfu ya watu waliokamatwa Nairobi katika msako wa tarehe 24 Aprili 1954 walichujwa, kisha wakasukumwa kwenda Manyani na Mackinnon Road. Jirani yangu siku ile, aliyekuwa ameketi juu ya leso katika nyasi, alikuwa mama mmoja mzee kutoka Nyeri, aliyeletwa na wajukuu wake kama mimi nilivyoletwa na wangu. Kila ndege ilipopita wote walitazama juu, naye alitazama chini, kiganja kimoja juu ya sikio.

Nikamwuliza, "Mama, ngurumo hizi zinakuudhi? Tusogee kule nyuma?"

"La, baba," akasema. "Haziniudhi. Nazijua tu."

Akanieleza kwamba alikuwa msichana mdogo wakati watu wa kwao walipoondolewa katika makazi yao na kurundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa miti iliyochongwa, na mama yake alikuwa akipelekwa kila siku kuchimba handaki lile lililofuata ukingo wa msitu wa Mlima Kenya kwa maili 50, ili wapiganaji walioko msituni wasipate chakula. Mchana zilikuja Harvard, ndege ndogo zenye mlio wa kukereza, kutoka kiwanja cha Mweiga. Usiku na mchana zilikuja Lincoln, ndege za injini nne zilizoundwa kwa ajili ya Vita Kuu vya Pili, zilizoletwa Eastleigh tangu mwisho wa mwaka 1953, ambazo ziliangusha mabomu ya ratili 500 na ratili 1000 katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi katikati ya 1955. Sufuria zilicheza juu ya mafiga, akasema. Tembo na nyati walitoka msituni wamejeruhiwa. Pia zilikuja ndege nyingine zenye vipaza sauti, zikizungumza Kigikuyu kutoka mawinguni, zikiwataka watu wajisalimishe wakiwa na matawi mabichi mikononi. Na hizo, alisema, ndizo alizoziogopa kuliko za mabomu.

Nilimwambia kwamba watu wa kwetu walikuwa wengi katika Keya, na kwamba Keya walipelekwa kupigana katika misitu ile. Sikutaka nikae kando yake, tukila njugu za karatasi moja, bila kulitamka neno hilo.

"Najua, baba," akanijibu. "Hata kaka yangu alikuwa homugadi."

Tukaendelea kutazama, yeye chini na mimi juu. Baba yangu aliisikia ndege akakumbuka mchele. Mama yule aliisikia akakumbuka sufuria zikicheza. Nao wote wawili walikuwa watu wa Kenya, na jeshi lililozituma ndege hizo lilikuwa moja, na miaka iliyopita baina yake haikufika kumi. Tangu siku hiyo naamini kwamba siku ya kuadhimisha ndege za vita haijatimia ikiwa imewapa nafasi marubani na haikuwapa nafasi watu wawili hawa. Maonyesho ya namna hii, popote duniani yanapofanywa, huelekea kuzungumza juu ya chombo: kasi yake, urefu wa mbawa zake, nguvu ya injini. Ni mambo ya haki na yana ladha yake. Lakini ndege ya vita haikuundwa ili itazamwe. Iliundwa ili iwatendee jambo watu walio chini, na habari yake kamili wanayo wao.

Historia hiyo kwetu ni pana kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1939 ndege za kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa na Bibi Florence Wilson miaka kumi kabla yake, zilichukuliwa kwa kazi ya kijeshi. Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni 1940, kesho yake ndege za Afrika Kusini zilizokuwa Kenya zililishambulia boma la Waitalia la Moyale. Waitalia nao wakaja Wajir, na mwezi wa Oktoba wakautupia mabomu mji wa Malindi, ambao wavuvi wake hawakuwa na ugomvi na Roma. Viwanja vilivyotumiwa kaskazini vilifyekwa kwa mapanga na sururu na Waafrika, na nyama iliyolisha majeshi ilitoka katika wilaya za wafugaji, pamoja na kwetu Kipsigis, ambako serikali iliwalazimisha watu kuuza ng'ombe kwa bei iliyojipangia yenyewe. Bibi yangu aliweza kuwataja kwa majina na rangi ng'ombe waliotolewa zizini mwake, na aliwataja hivyo hadi kufa kwake.

Na ukitaka kuona vita viliacha nini katika nchi ya chai, itazame ardhi. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ilikata eka 25,000 za nchi ya Kipsigis huko Kericho ikawapa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa mapema katika miaka ya 1920, walakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Iliangukia mikononi mwa kampuni za chai za Brooke Bond na James Finlay, na ndiyo asili ya mashamba yale mazuri ya kijani ambayo wageni huyapiga picha. Baada ya vita vya pili wazungu waliotoka jeshini walipewa tena mashamba katika nyanda za juu, na askari weusi wa Kabaw, baba yangu akiwamo, walirudi na malipo kidogo ya kuachishwa kazi na ruhusa ya kutafuta kibarua. Baba alikuwa nyapara katika shamba lililokuwa malisho ya babu zake. Mtu akinieleza uhodari wa jeshi la Burma nitamsikiliza kwa taadhima, na nikiisha kumsikiliza nitamweleza habari hiyo, kwa kuwa ni habari moja.

Jeshi letu la Wanahewa lenyewe lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, likaanza na ndege ndogo za mafunzo aina ya Chipmunk, katika uwanja ule ule wa Eastleigh ambao Lincoln ziliruka kutoka kwake miaka kumi iliyotangulia. Nalo limepitia msiba wake: tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wake walijaribu kuipindua serikali, watu wengi wakafa Nairobi, jeshi likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine, na jina la Jeshi la Wanahewa likarudi mwaka 1994. Nimekutana na wanaume wa rika langu waliokuwa mafundi wa ndege katika mwaka ule, wasiokuwa na hatia yoyote, ambao hadi leo huficha ujuzi wao kama aibu. Ningependa wao pia waitwe siku ya maonyesho, waketi mbele, na vijana wawaulize maswali ya injini.

Walakini katika mirathi ya vita hewani imo sehemu ambayo kila mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuijivunia bila kusita, na nashangaa haisemwi mara nyingi zaidi. Wakati wa Vita Kuu vya Pili marubani wengi wa Uingereza waliungua vibaya ndege zao zilipowaka, nyuso zikayeyuka na vidole vikashikana. Nao wakapelekwa katika hospitali ya East Grinstead, ambako daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe, alijifunza juu yao namna mpya za kupandikiza ngozi, na zaidi ya hayo akawafundisha watu wa mji ule kuwatazama usoni bila kugeuka. McIndoe aliipenda nchi yetu hii ya mashariki, na mwaka 1957 yeye, pamoja na Michael Wood aliyekuwa mwanafunzi wake, na Mmarekani Thomas Rees, waliweka msingi wa shirika ambalo sasa tunaliita AMREF, lenye madaktari waliosafiri kwa ndege ndogo kutoka Wilson hadi mahali ambapo gari halikufika. Mtoto aliyeungua jikoni Turkana au mwanamke aliyekwama na uzazi nyikani alitibiwa kwa elimu iliyonunuliwa kwa nyuso za marubani wale. Ikiwa maonyesho yatatafuta jambo la kuwaambia watoto kati ya ndege moja na nyingine, na liwe hilo.

Wako wanaosema, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu, kwamba maonyesho ya ndege za vita yafutwe kabisa, kwa kuwa yanawapendezesha watoto kwa vyombo vya kuulia. Hoja yao nimeipima. Naona kwamba vyombo hivyo vitakuwapo tukitazama tusitazame. Fedha ya kodi yetu ndiyo inayovinunua, na tangu Oktoba 2011 ndege zetu wenyewe zimeangusha mabomu nchini Somalia, ambako pia wako watu walio chini. Raia asiyeiona ndege ya jeshi lake hataweza kuuliza kuhusu kazi yake. Kheri aione kwa macho, karibu, ashike bawa lake, amwone rubani ni kijana mwenye mama kama yeye, na papo hapo, katika uwanja ule ule, amsikie mtu aliyewahi kuwa chini.

Wala si lazima jambo hili lifanywe Nairobi peke yake. Uingereza, ambako Spitfire za zamani bado huruka katika uwanja wa Duxford, vijiji vidogo navyo huwa na siku zao, vikiwakusanya wajitolea, mafundi wastaafu na wazee wenye picha za zamani. Siongiroi haina uwanja wa ndege, lakini ina viwanja vya shule ambavyo helikopta za wanasiasa hutua kila msimu wa uchaguzi, na watoto hukimbia kutoka kila upande wakivuka mahindi ili wazione. Bila shaka chombo kimoja chaweza kutua siku isiyo ya kura. Wanafunzi wa Siongiroi, Sigor, Kapkesosio na Ndanai wangeweza kukaa chini ya mti wakamsikiliza rubani nusu saa, na nusu saa nyingine wakamsikiliza mjane wa askari wa Keya, au mchunaji mzee wa Kericho aliyeziona ndege zikipigana na mvua ya mawe. Nimelipeleka wazo hili kwa walimu wa sehemu zetu, nao wamelipokea vizuri. Lililobaki ni kupata ndege na kupanga tarehe.

Kabla ya siku hiyo kufika, nawasihi wasomaji wangu, hasa wale wenye asili ya nyumba za askari, mfungue masanduku. Mwenye cheti cha babu yake cha kuachishwa jeshi akitoe, akipige picha, aandike nyuma yake jina kamili, kikosi na kijiji. Mwenye nishani aulize ilitolewa kwa vita gani. Mwenye bibi aliyechimba handaki au aliyetolewa ng'ombe aketi naye jioni moja amsikilize mpaka mwisho, kisha apeleke nakala katika shule ya karibu na nyingine katika Makumbusho ya Taifa. Daftari moja na kalamu vinatosha kuanzia. Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha kuzikwa, na waliokuwa watoto chini ya mabomu ya Nyandarua sasa wamevuka miaka sabini.